Ubao Usioonekana: Kunakili na Kubandika Maandishi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima ya Musoma, Bunda na Butiama

(Mwalimu wa darasa: soma kila sehemu polepole, kisha simama, uwaulize wanafunzi kama wamefahamu. Sehemu ya mazoezi ifanywe darasani kabla ya kuendelea mbele.)

  

Leo tutazungumza habari za kunakili na kubandika maandishi kwa simu na kwa kompyuta. Somo limepigwa chapa ili yule aliyelikosa redioni alisome, na yule aliyelisikia alirudie. Mwenye simu ya kupangusa na aiweke mezani. Asiye nayo akae karibu na mwenzake, waitazame pamoja. Mwenye simu ya vitufe asiondoke, maana mambo mengi tutakayoyasema yanamhusu naye pia.

KUNAKILI KWA MKONO

Kunakili maana yake ni kuyaandika tena maneno yale yale, au tarakimu zile zile, mahali pengine. Kazi hiyo mmeizoea. Mwalimu huandika ubaoni, nanyi mwanakili katika madaftari yenu. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo. Kati ya mwaka 1968 na 1972, mikoa ya Ziwa, na Mara ikiwa mmojawapo, ilichaguliwa kujaribu mpango wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na shirika la UNESCO. Watu wazima walioshika jembe na nyavu mchana walishika kalamu jioni, wakanakili herufi moja moja kutoka ubaoni.

Kunakili kwa mkono kuna faida yake. Mkono huenda polepole, na jicho hupata nafasi ya kusoma kila herufi. Lakini kuna hasara pia. Mtu aliyechoka huruka herufi, au hubadilisha mahali pa tarakimu mbili. Katika barua ya salamu kosa hilo si kitu. Katika namba ni jambo kubwa.

Tazameni namba tunazozitumia siku hizi. Namba ya simu ina tarakimu 10. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa: kwanza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Namba ya umeme wa LUKU, ile unayoletewa ukisha kulipa, nayo ina tarakimu 20. Ukikosea moja tu, umeme hauingii. Ukikosea moja katika namba ya simu, fedha zako zaweza kumfikia mtu usiyemjua.

Kwa sababu hiyo yafaa kujua njia ya kuifanya simu yenyewe inakili. Simu haichoki, wala haibadilishi tarakimu.

MANENO MATATU

Katika kazi hii yako maneno matatu ya kukumbuka: Nakili, Kata na Bandika.

Kunakili ni kuchukua mfano wa maneno na kuyaacha yenyewe mahali pake. Kukata ni kuyaondoa kabisa mahali yalipokuwa ili uyapeleke pengine. Kubandika ni kuyaweka pale unapoyataka.

Maneno haya yametoka katika kazi ya mikono. Zamani, katika ofisi za magazeti na za wapiga chapa wa vitabu, mtu aliyetaka kuhamisha sehemu ya habari alichukua mkasi, akaikata karatasi, kisha akaibandika kwa gundi katika karatasi nyingine. Kati ya mwaka 1973 na 1975, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, Marekani, Larry Tesler na mwenzake Tim Mott walitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy. Ilikusudiwa kuwasaidia wahariri wa kampuni ya Ginn, iliyokuwa ikichapa vitabu vya shule. Wahariri wale walizoea mkasi na gundi. Basi Tesler na Mott wakaifanya kompyuta ifuate desturi yao: chagua maneno, yakate au yanakili, kisha yabandike. Tesler alifariki mwaka 2020, na njia hiyo yatumika hata leo.

UBAO WA KUNAKILI

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye shina la somo.

Mtu akigusa neno Nakili, maneno yale huenda wapi? Kwenye kioo haoni kitu kilichobadilika. Maneno hayajaonekana mahali pengine, na yale ya kwanza yako pale pale. Wengi hudhani hawakufanya lolote.

Kumbe simu imeyaweka mahali pa siri panapoitwa ubao wa kunakili. Mahali hapo hapaonekani, lakini pana kazi kama ya ubao wa darasani. Fikirini jinsi mwalimu anavyoutumia ubao wake.

Kwanza, aliyoyaandika ubaoni yaweza kunakiliwa mara nyingi. Wanafunzi 30 wakiyaandika katika madaftari 30, ubao haupungukiwi. Ubao wa simu ni vivyo hivyo. Ukinakili mara moja, waweza kubandika mara moja, mara tano au mara ishirini.

Pili, ubao ni wa darasa zima. Ubao wa simu ni wa programu zote za simu hiyo. Ukinakili kutoka kwenye meseji, waweza kubandika katika WhatsApp, katika barua, au katika nafasi ya kujaza namba ya malipo.

Tatu, mwalimu akitaka kuandika somo jipya hufuta la zamani. Simu nayo hufanya hivyo. Ukinakili kitu kipya, kile cha kwanza huondoka. Ziko simu na kompyuta zinazoweka akiba ya vitu kadhaa vya nyuma, lakini ukigusa Bandika, kinachokuja ni kile cha mwisho. Na kama hukunakili kitu kipya, huenda kikaja kile cha zamani, hata kama ulikinakili asubuhi na sasa ni jioni.

Jambo hili la tatu ndilo linalowaletea watu hasara. Tutalirudia mbele.

ZOEZI LA SIMU

Fanyeni sasa, hatua kwa hatua.

1. Fungua meseji yoyote yenye namba ndani yake.

2. Weka kidole juu ya namba hiyo, ukibonyeze bila kukiondoa, huku ukihesabu moja, mbili. Namba itapakwa rangi, na kila upande patatokea kialama kama kishikio kidogo.

3. Vuta vishikio hivyo mpaka rangi ifunike namba yote, isizidi wala isipungue.

4. Gusa neno Nakili. Kama simu yako inatumia Kiingereza, neno hilo ni Copy.

5. Fungua mahali unapotaka kuandika. Bonyeza nafasi iliyo wazi bila kuondoa kidole, mpaka neno Bandika litokee. Kwa Kiingereza ni Paste. Liguse.

6. Soma kilichokuja.

Katika simu nyingine ukiibonyeza meseji, hunakiliwa meseji nzima, pamoja na salamu na kila kitu. Ukiibandika katika nafasi ya namba, simu itakataa, au italeta vurugu. Usihangaike. Fungua kwanza daftari la simu, yaani ile programu ya kuandikia mambo ya kukumbuka. Bandika meseji yote humo. Kisha chagua namba peke yake, uinakili, na uende nayo unakotaka. Daftari hilo ni kama ungo wa kuchagulia mchele: wamwaga vyote, waokota unachokihitaji.

KWA KOMPYUTA

Wengi wenu mwaenda kwenye duka la steshenari, pale mjini Bunda au Musoma, kuandikiwa barua ya kikundi au maombi ya kazi. Siku moja mtapenda kuandika wenyewe. Kazi ni ile ile.

Pitisha kishale juu ya maneno huku umebonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya, mpaka yapakwe rangi. Kisha shika kitufe chenye herufi Ctrl, na bila kukiachia gusa C ili kunakili, au X ili kukata. Nenda unakotaka, shika tena Ctrl, gusa V ili kubandika. Ukikosea, shika Ctrl na uguse Z, nayo kompyuta itarudi hatua moja nyuma. Herufi hizo nne, Z, X, C na V, zimepangwa jirani katika safu ya chini upande wa kushoto. Mkono mmoja watosha.

Faida yake ni kubwa. Tuseme wewe ni katibu wa kikundi cha akina mama huko Butiama, nanyi mwataka kuandika barua tatu zenye maneno mamoja: moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa halmashauri, moja kwa benki. Huna haja ya kuandika mara tatu. Andika moja, inakili, ibandike mara mbili, kisha ubadilishe jina la anayeandikiwa. Lakini usisahau kubadilisha! Barua ya benki yenye jina la mtendaji wa kata itawachekesha wenye benki, na huenda ikarudishwa.

HASARA YA KUBANDIKA BILA KUSOMA

Sasa turudi kwenye lile jambo la tatu, la ubao usiofutwa. Tuchukue mfano.

Mama mmoja anauza dagaa katika soko la Mwigobero, Musoma. Saa mbili asubuhi anainakili namba ya mwenye gari wa Bunda, amlipe nauli ya mizigo. Anabandika, anatuma, mambo yamekwisha. Saa saba mchana anapata meseji kutoka kwa mdogo wake aliyeko Butiama: "Dada, mtoto anaumwa, nitumie 40,000 kwa namba hii." Wateja ni wengi, jua ni kali. Anabonyeza namba ile haraka, lakini kidole kinateleza kabla hajagusa Nakili. Hakuona. Anakwenda kwenye menyu ya kutuma fedha, anagusa Bandika, namba inatokea. Ina tarakimu 10, inaanza na sifuri. Anaridhika. Simu inamwonyesha jina la mpokeaji. Hasomi. Anaingiza namba ya siri.

Fedha zimekwenda Bunda, kwa mwenye gari. Na mtoto wa Butiama bado anangoja.

Je, simu ilikosea? La. Ilileta kilichokuwa ubaoni, kama ilivyoamriwa. Simu hainakili maana, inanakili alama tu. Haijui kama namba hii ni ya ndugu yako au ya mwenye gari. Anayejua ni wewe, nawe huwezi kujua bila kusoma.

Mama huyu alipata nafasi mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni baada ya kubandika: angesoma tarakimu tatu za mwisho na kuzilinganisha na zile za kwenye meseji. Ya pili ni jina. Huduma za kutuma fedha kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, zimeenea hadi vijijini, na siku hizi hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Jina lile limewekwa kwa ajili yako. Lisome lote. Usipolifahamu, acha, uanze tena.

Yakikupata kama yaliyompata mama huyu, usikae kulia. Piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, ueleze kosa lako kabla mpokeaji hajazitoa fedha.

Hapa nataka niseme jambo moja na ninyi mliojifunza kusoma karibuni. Kuna mtu atakayewaambia kwamba sasa simu inanakili yenyewe, basi kusoma kwa nini? Msimsikilize. Mkono umepunguziwa kazi, lakini jicho limeongezewa. Yule anayenakili kwa kalamu husoma apende asipende. Yule anayebandika asipojilazimisha kusoma, hatasoma kabisa.

MAHALI UBAO USIPOFIKA

Ubao wa kunakili hukaa ndani ya chombo kimoja. Ukinakili katika simu yako, huwezi kubandika katika simu ya jirani. Itakubidi umtumie meseji.

Mfano mzuri ni LUKU. Namba ya umeme inakuja katika simu, lakini mita iko ukutani. Mita za nyumbani tulizozizoea hazina Bandika. Ni wewe usimame mbele yake, usome tarakimu 20 na kuzibonyeza moja moja. Zigawe kwa mafungu ya tarakimu nne, yatakuwa mafungu matano, na kila fungu ulisome kwa sauti.

PROGRAMU ZENYE KAPU LAO

Ziko programu za kuandikia zenye mahali pao pa kuweka maneno, mbali na ubao wa wote. Moja ni Vim, inayotumiwa sana na watu wanaotunga programu za kompyuta. Ndani ya Vim, herufi y hunakili na herufi p hubandika, lakini maneno huingia katika mahazina ya Vim yenyewe, mengine yakiitwa kwa herufi a mpaka z. Mtu mgeni hunakili humo, kisha huenda kubandika katika barua, akashangaa kuona kitu kingine kabisa.

Ni kama muuza samaki aliyeweka sato ndani ya kapu lake. Mteja anayetazama meza ya soko hatawaona. Akitaka waonekane, awatoe kapuni, awaweke mezani. Katika Vim meza hiyo ya wote huitwa kwa alama ya kujumlisha: mtu huandika alama ya kufungulia usemi, kisha alama ya kujumlisha, ndipo y au p.

Nimeitaja programu hii kwa sababu ina undugu na sisi. Mtunzi wake ni Bram Moolenaar, Mholanzi, aliyeitoa kwa watu mwaka 1991. Mwaka 1994 alikuja Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, katika eneo la Rakai, ng'ambo ya ziwa letu. Alifanya kazi za maji na usafi katika kituo cha watoto, wakati ugonjwa wa UKIMWI ulipoacha mayatima wengi katika eneo hilo. Aliporudi kwao hakuwasahau. Vim aliitoa bure, akaomba kwamba anayeipenda awasaidie watoto wa Uganda. Kwa miaka mingi ombi hilo lilikuwa likitokea kwenye kioo programu ilipofunguliwa. Moolenaar alifariki mwaka 2023. Basi chombo cha kuandikia kilichosambaa duniani kimelipia karo za watoto wa eneo la Rakai.

SIRI NA MATAPELI

Kwa kuwa ubao ni wa simu nzima, kila anayeishika simu yako aweza kugusa Bandika na kuona ulichonakili mwisho. Kwa hiyo usinakili namba ya siri ya fedha. Ikae kichwani. Ukitumia kompyuta ya dukani na ukanakili namba ya kitambulisho chako, kabla ya kuondoka nakili neno lolote lisilo na maana, ili mwingine akigusa Bandika asilipate lile la kwanza.

Tena, jihadhari na meseji za matapeli. Wengi mmezipata: "Ile hela itume kwenye namba hii." Mwandishi hajitaji jina. Anatumaini kwamba ulikuwa na deni la kumlipa mtu, na kwamba utanakili namba yake na kubandika bila kuuliza. Usifanye hivyo. Mpigie yule unayemdai au anayekudai kwa namba yake unayoijua. Kisha andika neno UTAPELI, ulitume kwenda 15040, na ufuate maelezo, ili namba hiyo ishughulikiwe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Nakili huacha maneno mahali pake, Kata huyaondoa.
2. Bandika huleta kile kilichonakiliwa mwisho.
3. Ukisha kubandika, soma. Linganisha tarakimu tatu za mwisho.
4. Kabla ya kutuma fedha, soma jina lote.
5. Namba ya siri hainakiliwi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ubao wa kunakili unafanana vipi na ubao wa darasani? Unatofautiana nao katika jambo gani?
2. Mama wa Mwigobero angeweza kujiokoa mara ngapi, na kwa njia gani?
3. Kwa nini namba ya LUKU haiwezi kubandikwa katika mita ya ukutani?
4. Kila mwanafunzi ainakili namba ya simu ya jirani yake kwa kalamu, kisha kwa simu. Zilinganisheni. Ipi ilichukua muda mrefu? Ipi mliisoma vizuri zaidi?

Mkimaliza swali la nne, mwalimu awasikilize wote, maana majibu hayatafanana. Na jioni hii, ukirudi nyumbani, mfundishe mtu mmoja wa nyumbani mwako.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.